Muulize Sista: “Kuna dripu inayoondoa huzuni siku hiyo hiyo?”

Barua nne za mwezi huu zinauliza dawa moja, ketamini. Ninaifahamu kwa pande mbili. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa chumba cha upasuaji, ambako ketamini ndiyo iliyowalaza wagonjwa wetu wengi; baadaye nikahamia wodi ya afya ya akili, na huko niko mpaka leo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye barua hiyo hana muda wa kusubiri toleo lijalo.

“Tuna pikipiki tunaweza kuiuza”

*Sista, salaam. Mume wangu ni askari, amekwenda Mogadishu mara mbili. Tangu arudi safari ya pili si mtu yule. Halali, anakaa sebuleni usiku taa zimezimwa. Zamani jioni alikwenda kucheza bao la omweso na wenzake, ameacha. Chakula anagusa tu. Hospitali walimpa fluoksetini, akaimeza wiki mbili, akasema haifanyi kitu, akaitupa. Juzi ameniambia, “Afadhali nisingerudi.” Wifi yangu yuko Boston, anasema huko watu kama yeye hutundikiwa dripu ya ketamini na wanaamka wazima siku hiyo hiyo. Nimepata mtu mwenye kliniki hapa mjini aliye tayari kuja nyumbani kumtundikia, shilingi 600,000 kila mara. Tuna pikipiki ya boda tunaweza kuiuza. Nifanye nini? — Mke wa askari, Jinja*

Mdogo wangu, pikipiki isiuzwe. Tuanze na maneno aliyokuambia juzi, maana hayo hayangoji ketamini wala dawa nyingine yoyote.

Mtu aliyesema “afadhali nisingerudi” aulizwe leo, tena kwa maneno ya wazi: unafikiria kufa? Umefikiria kujiua? Umepanga namna? Wake wengi wanaogopa kuuliza, wakidhani watampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo. Haiwi hivyo. Nimewauliza wagonjwa wengi swali hilo, na mara nyingi nilichokiona ni mabega kushuka, kwa kuwa hatimaye ametokea mtu aliyethubutu kulitaja. Kama bunduki yake inafika nyumbani, mkuu wake aombwe ibaki ghala la silaha. Dawa ya kunyunyizia mimea na dawa ya panya zitoke kabisa kwako, usizipandishe tu juu ya kabati. Asilale chumba cha peke yake. Akikujibu ndiyo, au akikataa kujibu, mpeleke siku hiyo hiyo kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Jinja, hata iwe saa nane za usiku. Ukifika mlangoni taja maneno yake hayo kwanza, kabla ya habari za usingizi na chakula, ili wasikuambie urudi Jumatatu.

Sasa dripu. Wifi yako hakukudanganya. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wachache wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, ketamini kidogo kwa njia ya mshipa, na huzuni yao ikapungua ndani ya siku tatu. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walirudia jambo hilo kwa watu ambao dawa nyingine zilishashindwa: kati ya 17 waliopewa, 12 walipata nafuu kubwa siku iliyofuata. Sisi tuliozoea kumwambia mgonjwa “vumilia wiki nne, dawa itashika,” tuliposikia “siku iliyofuata” tulikaa wima. Na mwaka 2023 ketamini ililinganishwa na tiba ya umeme, ule unaopitishwa kwenye ubongo, kwa watu 365 wa sonona sugu. Katika kila watu 100, waliopata nafuu kwa dripu walikuwa 55, na kwa umeme 41. Hii ni dawa ya kweli. Atakayekuambia ni ulaghai mtupu hajafuatilia.

Ila katika wale 17 wa mwaka 2006, wiki moja baadaye waliokuwa bado na nafuu ile walikuwa kama theluthi tu. Hicho ndicho ambacho hakisimuliwi kwenye simu kutoka Boston. Dripu moja hufifia. Kwa hiyo huko huwapa watu dripu kama sita ndani ya wiki mbili au tatu, na wengi huhitaji nyingine baada ya hapo ili wasirudi chini. Piga hesabu ya yule mwenye kliniki: mara sita ni shilingi 3,600,000, na hapo hujafika mwisho, umefika mwanzo. Pikipiki imekwenda, na mapato ya boda yaliyokuwa yakinunua posho ya watoto yamekwenda nayo. Mume akiamka akakuta hivyo, umempa sababu nyingine ya kukaa gizani.

Kuna jambo jingine linalomhusu yeye hasa, askari aliyeona vita. Ninavyosoma barua yako, sioni sonona peke yake. Naona na kiwewe, lile jeraha la akili linaloachwa na vita. Huko Marekani waliwajaribu wanajeshi na maveterani 158 wenye kiwewe ambacho dawa hazikukitibu, matokeo yakatolewa mwaka 2022. Huzuni yao ilipungua kwa ketamini, lakini kiwewe chenyewe, yaani zile ndoto na kule kushtuka, hakikupungua zaidi ya kwa wale waliotundikiwa maji matupu. Sisemi haitamfaa. Nasema aliyekuahidi mume mzima siku hiyo hiyo anakuuzia kitu ambacho hata watafiti wenyewe hawakukiona.

Na sebuleni! Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Ketamini hupandisha presha na mapigo ya moyo. Humtenga mtu na mwili wake kwa muda. Wapo wanaohisi wanaelea, wapo wanaoona watu waliokufa. Chumba cha upasuaji nimeshika mikono ya watu wanaozinduka wakiimba, na wengine wakilia jina la ndugu aliyezikwa zamani. Mkulima aliyekuja kukatwa ngiri akizinduka hivyo, tunapunguza mwanga na kelele, tunamsemesha taratibu, anatulia. Sasa mfikirie mume wako, ambaye kichwani kwake Mogadishu haijaisha, anaingia hali hiyo kwenye kochi, watoto wako chumba cha pili, na mtu mmoja mwenye begi asiye na mashine ya presha wala kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Huko kwa wifi yako kuna ndugu ya ketamini, esketamini ya kupuliza puani inayouzwa kwa jina Spravato, iliyoruhusiwa mwaka 2019. Mgonjwa haruhusiwi kuondoka nayo hata chupa moja. Huipuliza mbele ya muuguzi na hukaa akiangaliwa saa mbili. Kama wao wenye gari la wagonjwa kila kona hawaipeleki nyumbani, huyu wa Jinja anaipeleka kwa nini?

Basi afanyiwe nini? Atibiwe kwanza kwa ile dawa aliyoitupa. Wiki mbili za fluoksetini hazitoshi kusema imeshindwa. Huchukua wiki nne hadi sita kwa kipimo kinachotosha, na wiki za mwanzo humletea mtu kichefuchefu au kukosa utulivu kabla ya faida kuonekana. Pengine hakuna aliyemweleza hilo dirishani alipopewa pakiti. Tena wiki hizo za mwanzo mwangalie kwa karibu zaidi, na akizidi kuhangaika mrudishe hospitali bila kusubiri tarehe ya kadi. Sonona huitwa sugu baada ya dawa mbili tofauti, kila moja kwa kipimo na muda wake, kushindwa. Yeye hajafika hata nusu ya moja. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu wapatao 4,000 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja hupona kwa dawa ya kwanza, na wengine huitikia wanapobadilishiwa. Arudi, aseme ukweli kwamba aliacha, wamwanzishe upya au wambadilishie. Aulizwe pia juu ya pombe, maana waragi huivunja dawa hiyo kila usiku.

Na kuna tiba iliyopimwa hapa hapa kwetu, nayo naipenda kuliko zote kwa sababu niliona matunda yake. Masaka na Rakai, vijiji 30, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi: wakizungumza juu ya msiba, ugomvi, na maisha yaliyogeuka ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, 86 katika 100 walikuwa na sonona kamili. Walipomaliza, ni 6 au 7. Vijiji ambavyo havikupewa vikundi vilibaki na zaidi ya nusu. Mimi ni mtoto wa kambi, baba yangu alikuwa askari, najua watakachokujibu: maongezi ni ya wanawake. Waambie nusu ya vijiji vile vilikuwa vya wanaume. Uliza kitengo cha Jinja kama kuna kikundi, na uliza pia kambini, hasa kwa wenzake waliotoka Somalia. Yule aliyekuwa akicheza naye omweso aje nyumbani jioni na ubao wake, hata kama mwenyeji hatacheza.

Baada ya yote hayo, dawa mbili kwa muda wake na mazungumzo, akiwa bado chini, hapo mwombe daktari bingwa wa magonjwa ya akili akueleze kuhusu ketamini, hospitalini, chini ya macho yake. Nami nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

“Chupa ninayo mkononi kila siku”

*Sista, mimi ni afisa wa usingizi, ninawalaza wagonjwa wa upasuaji, katika Kituo cha Afya cha Daraja la Nne, West Nile. Ketamini ndiyo kazi yangu. Mdogo wangu ana sonona, amemaliza miezi na amitriptilini na kisha fluoksetini, bila mafanikio, na daktari bingwa yuko mbali. Nimesoma kuwa kipimo ni kidogo kuliko kile ninachotumia kila siku kwa akina mama wa kupasuliwa. Ujuzi ninao, dawa ninayo. Kwa nini nisimsaidie damu yangu? — Mwenzako wa thieta*

Mwenzangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa kuwa ni swali la mtu mwenye mapenzi na ujuzi. Uliyosoma ni kweli. Katika tafiti zile walitumia nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, kwa dakika 40, wakati sisi kumlaza mtu tunampa mara mbili hadi nne ya hiyo kwa dakika moja. Upande wa kupumua na presha, wewe unaweza kumwangalia mgonjwa huyo vizuri kuliko madaktari wengi. Sitakudharau kwa hilo.

Vinavyokosekana kwako ni vitu viwili. Kwanza, jicho la mtu asiye ndugu. Una hakika ni sonona? Kuna sonona ambayo ni upande mmoja wa ugonjwa wenye pande mbili, leo chini na mwezi ujao juu, hana usingizi na anagawa mali. Ukimsukuma bila dawa ya kumtuliza unaweza kumrusha huko juu. Kuna ambayo chini yake kuna sauti anazozisikia na hajakuambia kwa sababu wewe ni kaka yake. Mwenye sauti hizo ketamini inaweza kumzidishia. Pili, siku ya nane. Dripu ya kwanza ikimwinua akacheka, akala, mama yenu akapiga vigelegele, halafu wiki ijayo akashuka tena, utafanya nini? Utampa ya pili. Kisha ya tatu. Naye anayejua tumaini limo ndani ya kabati la kaka yake ataanza kuliomba kabla ya siku yake. Wengine hufika kuitamani.

Halafu daftari lako la dawa. Wewe unajua, na wasomaji wengine nao wajue: ketamini ipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, kwa kuwa humlaza mtu bila kumzuia kupumua, haihitaji mashine wala umeme wa uhakika. Bila hiyo, vituo vingi kama chako visingempasua mama aliyekwama usiku wa manane. Mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa wa dawa za kulevya kwa sababu ya wanaoitumia kujistarehesha. Shirika la Afya Duniani lilisimama kupinga, likijua kwamba udhibiti huo ungefanya dawa ipatikane kwa shida sana kwenye nchi kama zetu. Mlango wa kuipata haujafungwa mpaka leo. Kila chupa inayotoka thieta bila jina la mgonjwa wa thieta ni hoja mkononi mwa wanaotaka kuufunga, na atakayelipa ni yule mama.

Kwa hiyo tumia ujuzi wako hivi. Mwandikie mdogo wako rufaa ya maandishi, taja kila dawa, kipimo, na wiki alizoitumia. Karatasi hiyo pekee itamwokoa asianzishwe upya tangu mwanzo. Mpeleke hospitali ya rufaa ya Arua, na ikibidi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Daktari bingwa akiona ketamini inafaa na hospitali ikakubali, jitolee uwe wewe wa kukaa kando ya kitanda na mashine ya presha. Watakuhitaji, kwa sababu wao wanaijua sonona na wewe unaijua dawa. Naomba sana hospitali zetu zianze kuwakutanisha watu hawa wawili. Wapo jengo moja, wanapishana kwenye korido, na hakuna aliyewahi kuwaita meza moja.

“Si ulevi tu huo?”

*Sista, ninafundisha baiolojia sekondari, Mbale. Dawa inayomfanya mtu aone maluweluwe inatibuje huzuni? Na yule mwigizaji wa Marekani si ndiyo iliyomuua? — Mwalimu*

Mwalimu, seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo kubwa ni glutamati. Ketamini huziba kipokezi kimoja cha glutamati kiitwacho NMDA. Kwa panya wa maabara waliochoshwa na msongo wa muda mrefu imeonekana kwamba ndani ya saa chache baada ya dawa, miunganiko ya seli iliyokuwa imesinyaa huchipua tena. Hayo ndiyo maelezo yanayoshikiliwa zaidi. Lakini wafundishe wanafunzi wako na hili: watafiti wa Stanford waliwachukua wagonjwa 40 wa sonona waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji wa kawaida, wakawapa nusu ketamini na nusu maji ya chumvi wakiwa wamelala kabisa, asijue yeyote kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: pande zote mbili zilipata nafuu kubwa, karibu sawa. Kwangu hilo halimaanishi dawa ni bure. Linamaanisha kwamba kutunzwa, kutegemea kupona, na kuulizwa kila siku “unajisikiaje” kuna nguvu ambayo wodi zetu huitoa kwa uchoyo.

Mwigizaji huyo, Matthew Perry, alifariki Oktoba 2023. Uchunguzi ulitaja athari za ketamini kuwa chanzo, pamoja na kuzama majini. Alikuwa akipata dripu za kliniki kwa ajili ya huzuni, lakini ya mwisho ilikuwa zaidi ya wiki moja nyuma. Kiasi alichokutwa nacho kililingana na cha nusukaputi, na kilitoka kwingine. Mwaka 2024 walioshtakiwa walikuwemo madaktari wawili. Wanaoitumia mara kwa mara kwa starehe hupata pia maradhi ya kibofu: mkojo wa damu, kwenda haja kila baada ya dakika chache, wengine hadi kukatwa kibofu. Mwanafunzi wako akikuambia ameonjeshwa kwenye disko, muulize habari za mkojo, na muulize anakimbia nini.

“Sheikh amesema ni kilevi”

*Sista, assalamu alaikum. Binti yangu anaishi Marekani, amesumbuliwa na sonona miaka mingi. Madaktari wake wanataka kumpa ile ya puani. Sheikh wetu amesema ni kilevi, nisimruhusu. — Mama, Bombo*

Wa alaikumu salaam, mama. Mimi si mwanachuoni, na sitamjibu sheikh kwa niaba yake. Ila rudi kwake na habari kamili, maana huenda aliulizwa nusu. Mweleze kuwa ni dawa ya familia ile ile inayotumika kuwalaza watu kwa upasuaji kote Uganda, na labda hata watu wa nyumbani kwake wamewahi kulazwa nayo. Mweleze kuwa inatolewa na daktari kwa ugonjwa uliokataa dawa nyingine, kwa kipimo, mbele ya mashahidi wa hospitali. Mweleze pia kwamba ugonjwa huu unaua. Kisha muulize upya.

Binti yako mpigie simu umuulize kama ana presha ya juu, kama ni mjamzito, na kama daktari anajua dawa zote anazomeza. Siku ya tiba asile kwa saa mbili kabla, maana huleta kichefuchefu. Atakaa kliniki saa mbili baada ya kupuliza, na haruhusiwi kuendesha gari mpaka kesho yake baada ya kulala usiku mzima. Ratiba ni mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumrudisha nyumbani mara zote hizo. Kama ana akina mama wa msikitini huko, waombe wapeane zamu, na wewe uwe na namba ya mmoja wao.